Mama Nimekosa Ashika Kipaza Sauti

Nawategea hiki: anapiga kelele, kijiji kizima kinamtazama, wala hakuna anayemsikia.

Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Plano? Plano sitaki, kodi yake itaniua kabla sijafungua sanduku. Houston? Houston nako mvua ikinyesha mnapanda juu ya makabati. Haya, Carrollton napokea, angalau mihogo inapatikana. Jibu ni shoga yangu Emérance, mama Aurore, akiwa ndani ya sinema.

Msicheke. Huyo mama mnayemwona hapa Garland, pembeni ya Dallas, akishuka kwenye gari na sare yake ya hoteli, akilalamika magoti, ndiye mwanamke wa kwanza kuigiza vichekesho vya video katika kambi yetu ya wakimbizi kule Kigoma. Kabla yake wanaume ndio walivaa kitenge na kujaza matambara kifuani, na matambara yenyewe yalikuwa yakishuka mpaka tumboni katikati ya mchezo, wake wa watu wanageuka wajawazito bila taarifa.

Nazaire, ambaye siku hizi ni mumewe, alikuwa mpiga video wa arusi. Kwenye arusi moja kamera ilimponyoka ikatumbukia kwenye karai la pombe ya ndizi. Aliitoa, akaianika juani siku mbili tatu. Ilipoamka, macho yalikuwa mazima ila masikio yamekufa. Picha inashika, sauti hakuna. Sasa ni bibi arusi gani atakubali video bubu? Anataka asikie vigelegele vyake mpaka uzeeni. Nazaire akakosa kazi, na mwanamume akikosa kazi huanza sanaa.

Siku moja akiwa kwenye foleni ya maji alimwona Emérance akiteleza na ndoo kichwani. Mwili ulikwenda chini, ndoo ikabaki juu mkononi, maji hayakumwagika. Nazaire akamkimbilia.

"Dada, rudia."

"Nirudie nini?"

"Kuanguka."

"Wewe una wazimu? Mtu anaanguka mara mbili bure?"

"Nitakupa sabuni ya kipande."

Mara ya pili alianguka vizuri kuliko ya kwanza. Mara ya tatu akamwangukia Nazaire mwenyewe, ndiyo huyo Aurore.

Emérance hakuanguka kama mimi na wewe. Sisi tunaanguka kwa haraka, kana kwamba huko chini tumechelewa. Yeye alianguka kwa nafasi. Macho yanapata habari kwanza, shingo inakataa, mikono inaanza kubishana, halafu makalio yanakwenda peke yao kama yameitwa ofisini. Watoto walikuwa wakimfuata kisimani wakimwomba ateleze.

Walipiga sinema kadhaa, lakini iliyompa jina ni ile ya mbuzi. Mume mlevi amemuuza mbuzi wa mkewe, mke anamtaka mbuzi wake, mbuzi naye anarudi mwenyewe na kamba shingoni. Mume aliigizwa na Bertrand. Enzi hizo Bertrand alikuwa mwembamba hata akigeuka upande unamtafuta. Sasa yuko Houston anaendesha lori, tumbo linamtangulia kila mahali.

Mtaniuliza, sinema bubu waliionyeshaje? Hapo ndipo anapoingia mume wangu, Tharcisse.

Tharcisse alikuwa anafanya kazi kwenye kibanda cha video. Alisimama kando ya televisheni na kipaza sauti akitufasiria sinema za Kichina na za Kihindi. Kichina hajui, Kihindi hajui, lakini tulielewa kila kitu. Nazaire alipomletea sinema isiyo na sauti, kwa Tharcisse ilikuwa kama mbwa kuletewa mfupa usio na mwenyewe. Alisema maneno ya mume, ya mke, ya jirani, hata ya kuku aliyepita nyuma.

Ubaya ulianzia kwenye magoti. Kuna mahali Emérance anapiga magoti mbele ya Bertrand, anatupa mikono, anatikisa kichwa, mdomo unafunguka na kufunga. Tharcisse akambandika sauti nyembamba ya panya aliyebanwa na mlango: "Nimekosa, baba! Nimekosa mimi! Mbuzi ni wako, na mimi ni wako, na kamba ni yako!"

Watu walicheka mpaka kibanda kikapoteza ukuta mmoja. Emérance alikuwemo humo, amekaa kwenye mkeka mbele kabisa na kitenge kipya. Kesho yake kisimani hakuna aliyemwita Emérance tena. Akawa Mama Nimekosa.

Jina hilo lilipanda naye ndege. Na sisi Wakatoliki, kila Jumapili kuna mahali pa kujipiga kifua na kusema nimekosa mimi, nimekosa sana. Ikifika hapo nusu ya Waswahili kanisani wanageuza shingo kumtazama Emérance, mabega yanacheza. Padri mmoja mgeni aliona watu wote wanamwelekea mama huyu, akadhani ana dhambi kubwa kushinda parokia nzima. Baada ya misa akamvuta kando: "Mama, ungependa tuzungumze?"

Mwaka huu Aurore aliichukua ile kanda ya zamani akaipeleka kwenye duka moja wanakohamisha video, ikarudi imo ndani ya kitu kidogo kama ukucha. Habari zikafika kwenye kamati ya sherehe. Mnajua Kongo walipata uhuru tarehe thelathini Juni, na Burundi tarehe mosi Julai. Basi sisi wa Dallas tumefanya akili: tunachukua Jumamosi iliyo karibu, ukumbi mmoja Garland, kuku wale wale, hotuba mbili. Kamati ikasema, safari hii baada ya chakula tutazame sinema ya mbuzi, na Tharcisse aisemee kama zamani. Wa Houston wakatuma neno kwamba wanapanda wote, Bertrand akiwa mbele.

Jumapili ya kabla ya sherehe nikasikia mlango.

"Hodi humu!"

"Karibu, mama Aurore. Vua viatu, zulia nimelifua."

"Zulia lako halinihusu, mama Christian. Nimekuja kwa shemeji."

Tharcisse alikuwa kwenye kochi anatazama mpira, suruali imefunguliwa kifungo kimoja kwa ajili ya sombe, kisamvu chetu. Akanyanyua mikono yote miwili.

"Ah! Mama Nimekosa mwenyewe!"

"Nimekosa kukuzika tu," Emérance akasema, akakaa. "Zima hicho kitu, tuongee."

Hakuzima. Akapunguza sauti.

"Shemeji, siku ya sherehe mimi ndiye nitakayeisemea ile sinema."

"Wewe?"

"Mdomo si wangu?"

"Mdomo ni wako, sauti ni yangu. Wale watu wanatoka Houston kuja kusikia sauti. Bila mimi, ile ni picha ya mwanamke anayevua samaki nchi kavu."

"Tharcisse, nisikilize." Hakumwita shemeji, nikajua hapa hakuna utani. "Whitney atakuwepo, na wadogo zake. Wajukuu zangu wamezaliwa hapa, lile jina hawalijui. Kwao mimi ni bibi. Nawafokea, wananiogopa vizuri. Ukinitia ile sauti ya panya mbele yao, mimi basi. Nitawaambia waoshe vyombo, wataniitikia nimekosa, baba. Kambini nilivumilia, kazini navumilia, kanisani navumilia. Nyumbani kwangu, hapana."

Tharcisse akajikuna shingo. Mume wangu si mtu mbaya. Ni mtu wa kipaza sauti, na huo ni ugonjwa. Nawategea kingine hapo hapo: fimbo fupi, anayeishika hujiona mrefu. Arusi zote za Garland yeye ndiye mshereheshaji, na akishakishika, bwana arusi mwenyewe anaomba ruhusa ya kupita.

"Watu watalala," akasema.

"Hawatalala."

"Watalala, shemeji. Kuchekesha kwa mdomo si kuanguka."

"Mpe, Tharcisse," nikasema nikiwa jikoni.

"Wewe uko upande gani?"

"Upande wenye sufuria."

Akaitazama sahani yake, akaona iko tupu, akafikiri. "Haya. Utaanza wewe. Lakini mbuzi akiingia kwenye picha na watu hawajacheka, kipaza sauti unanirudishia pale pale, na mimi nitasema ninavyojua mimi. Panya na kila kitu."

"Nimekubali."

"Mado ni shahidi," akasema, akininyooshea kidole.

"Mado anataka sahani yake," nikasema.

Wiki ile Emérance alikuja kwangu kufanya mazoezi Tharcisse akiwa kazini ghalani. Tuliweka kompyuta ya Aurore juu ya meza, kati ya vitunguu na dagaa. Alikuwa na furaha kama mtu anayekwenda kudai shamba lake.

"Sasa utaona," akaniambia. "Pale kwenye magoti mimi sikuomba radhi hata kidogo. Nilimpa Bertrand maneno makali! Maneno ambayo askofu angeyaweka kwenye waraka. Mumeo ndiye aliyeyafuta."

"Ulimwambia nini?"

"Siyakumbuki yote. Ndiyo maana tunatazama mdomo."

Tukatazama. Tukarudisha nyuma, tukatazama tena. Mdomo unatanuka, unafumba, unachongoka. Tukasogeza uso mpaka pua zikagusa kioo. Emérance akaanza kuufuata mdomo wake mwenyewe taratibu, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Si... a... fu."

"Nini?"

"Ngoja. Siafu. Si-a-fu, Na-za-i-re."

Akampigia Nazaire simu, akaiweka wazi nisikie.

"Baba Aurore, ile siku ya magoti nilikuwa nasema nini?"

"Siku ya magoti?" Nazaire akacheka kidogo. "Si ulipiga magoti juu ya njia ya siafu? Wakakuingia kwenye sketi. Ukawa unalia nizime kamera, mimi nikakuambia endelea hivyo hivyo, unaigiza vizuri leo."

Akakata simu. Akakaa akiziangalia dagaa.

"Miaka yote hii namchukia mumeo kwa kunifutia maneno," akasema. "Kumbe maneno yenyewe ni siafu."

Nilitaka kumwonea huruma lakini kicheko kilinipita puani, nikapaliwa na chai. Akanipiga na mwiko. Kisha naye akacheka, ila kicheko chake kilikwisha mapema. Akavuta kiti.

"Basi nitatunga mapya. Mazito. Wajukuu wajue bibi yao alikuwa na akili."

Nikamwambia mazito si mazuri baada ya kuku. Hakunisikia.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Bendera mbili, hotuba mbili, ya Wakongo ndefu, ya Warundi ndefu zaidi kwa sababu walisikia ya Wakongo. Tukala. Bertrand alikuwa safu ya mbele na suti nyeupe, anasalimia watu kama aliyegombea ubunge. Watoto walikaa chini sakafuni, Whitney katikati yao, miguu amekunja. Taa zikapunguzwa, projekta ikawaka, na Tharcisse, kwa uso wa mtu anayeazimisha gari lake jipya, akamkabidhi Emérance kipaza sauti.

Picha ikaanza. Emérance kijana anafagia uwanja.

Emérance mzee akasafisha koo. "Mimi," akasema, "ni mwanamke wa kujituma. Nimeamka mapema kujenga familia yangu. Mwanamke ni nguzo ya jamii."

Ilikuwa kama tangazo la chanjo.

"Na mbuzi huyu," akaendelea, "ni jasho langu. Tuwaheshimu wanawake na mifugo yao."

Mtoto mmoja akalia. Mtu akafungua soda, ikasikika ukumbi mzima. Nikainama nikajifanya natafuta kiatu. Kutoka meza za Houston mzee mmoja akapaza sauti: "Tharcisse yuko wapi? Tupeni Tharcisse!"

Wengine wakaitikia. "Tharcisse! Tharcisse!"

Mume wangu akasimama. Akafunga kifungo cha koti. Akaanza kupita kati ya viti, mkono umeshanyooka, kidole kinaita kipaza sauti kama mtu anavyomwita kuku. Kwenye picha Bertrand mlevi alikuwa ameshatokea, amejishikiza ukutani, na mimi nilijua mbuzi hayuko mbali. Whitney alikuwa anamtazama bibi yake, si picha. Emérance akamwona.

Kule juu kwenye picha Bertrand akafungua mdomo. Na kwenye spika ikatoka sauti ya mume wangu.

Nawaambia kweli, niligeuka kumtazama Tharcisse kama ndiye aliyesema. Kumbe ni Emérance, ameiga sauti yake ya arusi, ile ya kuvutia pumzi puani:

"Kwa heshima na taadhima! Mheshimiwa mwenyekiti, waheshimiwa wa meza kuu! Mimi kama mimi, kabla sijasema lolote, ningependa kwanza niseme machache..."

Na mlevi kule anayumba, anaushika ukuta, ukuta unamkwepa.

Ukumbi ulipasuka. Tharcisse alisimama katikati ya njia mdomo wazi. Kwenye picha Emérance akageuka na ufagio wake amtazame mumewe, na Emérance wetu akainua kipaza sauti amjibu. Lakini kicheko kilikuwa kikubwa, hakikumpa nafasi. Akasubiri. Na alipokuwa akisubiri, ule uso kule juu ukaendelea na kazi yake peke yake. Nyusi moja ikapanda. Ya pili ikakataa. Mdomo ukavuta pembeni polepole, kama pazia la mtu mmbea.

Watu wakacheka upya, kicheko cha pili kikipanda mgongoni mwa cha kwanza. Nikamwona Emérance anautazama ule uso kana kwamba wameonana leo. Akakishusha kipaza sauti mpaka kifuani.

Kuanzia hapo alisemea kila mtu isipokuwa yeye. Bertrand alitoa shukrani kwa kamati ya maandalizi huku anafungua suruali vibaya. Jirani alisema kwa sauti yangu mimi, "Vua viatu, zulia nimelifua!" na nyumba haina hata mkeka, nitamkumbuka kwa hilo. Mbuzi alipoingia, akatia kichwa mlangoni, akawatazama watu wote, akasema kwa sauti ya yule mzee wa Houston: "Tupeni Tharcisse! Tupeni Tharcisse!"

Tharcisse masikini alikuwa amefika mbele, mbele kabisa ya projekta. Mbuzi akampita kifuani, akampanda shingoni, akamtokea sikio la pili. "Keti, baba Christian, unamziba mbuzi!" nikapiga kelele. Akaketi sakafuni pale pale, pamoja na watoto. Na kila sauti ilipomalizika, uso wa Emérance ulibaki kimya, mkubwa kama ukuta, na hakuna aliyekohoa.

Kisha yakaja magoti.

Watu wazima wote tulijua. Nilisikia viti vinalia, watu wanajiweka sawa. Kule juu Emérance akapiga magoti, akatupa mikono, mdomo ukafunguka. Yule wa chini alikuwa amekibana kipaza sauti kifuani kwa mikono miwili. Hakuna sauti. Ule uso haukuwa unaomba radhi. Sijui ulikuwa unafanya nini. Ulikuwa unashtuka, unaapa, unamkana shetani, unakaribia kuruka. Nilijua ni siafu, na bado niliogopa kwa niaba ya Bertrand.

Lakini Bertrand mwenyewe, yule wa suti nyeupe, ulimi wake ulikuwa umezoea. Akaruka kutoka kitini, akanyoosha mikono, akanguruma kwa sauti ya lori:

"NIMEKOSA, BABA! NIMEKOSA MIMI!"

Akangoja tuitikie. Hakuna aliyeitikia. Neno likabaki hewani na mwenyewe chini yake, mtu mzima, tumbo limetangulia, mikono juu, na mwanamke kule ukutani anamwangalia kama anayehesabu mifupa yake. Bertrand akaiona sura ile. Mikono ikaanza kushuka, mmoja mmoja.

Whitney akageuka kutoka sakafuni, macho makubwa. "Bibi," akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, "what did he do?"

Mzee wa Houston alicheka mpaka meno ya juu yakamtoka yakaingia kwenye soda. Watu waliegemeana. Padri, naye alikuwa mgeni wetu, aliweka paji la uso juu ya meza. Emérance akainua kipaza sauti kwa mara ya mwisho, akasema kwa sauti yake mwenyewe, ya kila siku: "Muulize, mke mwenzangu. Hata mimi nangoja."

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, tulikwenda kwao kula. Nikapita na sufuria yangu, Tharcisse nyuma yangu amebeba kreti ya soda na kimya chake cha wiki nzima. Sebuleni kochi limesukumwa ukutani. Whitney na wadogo zake wamepanga mstari juu ya zulia, ndoo tupu ya kudekia iko kichwani kwa Whitney, na Emérance amekaa kwenye kiti, goti moja limefungwa bandeji.

"Usitangulize mkono," alikuwa anasema. "Mkono ukitangulia unavunjika, na watu wanakuhurumia. Ukishahurumiwa kazi imeharibika. Tanguliza tako, Mungu alilijaza kwa sababu hiyo."

"Like this?"

"Sio hivyo! Hilo ni gunia la mahindi. Angalia bibi." Akaanza kuinuka.

"Mama, goti!" Aurore akapiga kelele kutoka jikoni.

"Goti ni langu. Shemeji, sogeza hiyo kreti, hapa watu wako kazini."

Tharcisse akasogeza. Akakaa pembeni ya kochi, akamtazama Whitney akijaribu tena, puu! na tena, puu! Mara ya tatu hakuweza kujizuia. "Anaharakisha," akasema. "Mwambie angoje kidogo kabla ya kushuka."

"Mwambie mwenyewe," Emérance akasema.

Akamwambia. Whitney akapanda tena, akaweka ndoo, akangoja. Akangoja mpaka sisi wote tukaacha kupumua. Halafu akaenda.

Jirani wa ghorofa ya chini akagonga dari lake kwa mpini wa ufagio. Emérance akavua kiatu, akamgongea zulia mara moja, kwa adabu, akawageukia watoto.

"Anayefuata," akasema.